Siku Arubaini za Mzazi: Taarikhi ya Wazimu wa Uzazi Katika Nchi ya Nyamwaga

Anayetoka mjini Tarime kuelekea upande wa Nyamongo, akiyapita mashamba ya migomba, mihogo, mahindi na kahawa yaliyotanda juu ya vilima vya Wakurya mpaka ardhi ianze kuinamia bonde la Mto Mara, huikuta njiani nchi ya Nyamwaga, ambako siku hizi yamewekwa makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime pamoja na hospitali yake. Habari zilizoandikwa juu ya nchi hii na jirani zake si haba, lakini aghalabu ni habari za uwanjani: ng'ombe walioibwa na kufuatwa nyayo, mapigano ya koo na koo, vijana waliojiandikisha jeshini, tohara za marika, na dhahabu iliyofukuliwa Nyamongo. Habari za chumbani, na hasa za chumba kile alimolala mwanamke na mtoto wake mchanga siku chache baada ya kujifungua, hazikupata mwandishi. Nami nimekusudia kuzifuata hizo, kwa sababu katika chumba hicho huzuka mara kwa mara maradhi ambayo kwa ukali wake hayapungui kidonda chochote cha mkuki, na ambayo waliouguza wakayaona huyaita kichaa cha uzazi.

Katika nyumba za pwani neno mzazi, ambalo kwa kawaida humjumuisha baba na mama, lina maana moja ya ndani zaidi: mzazi ni mwanamke aliyejifungua na ambaye bado hajatimiza arubaini yake. Katika siku hizo hukandwa kwa maji ya moto, hulishwa vya moto, hakai peke yake wala hatoki nje ovyo, na watu wazima wa nyumba humwangalia kama watu waangaliavyo taa iliyowashwa penye upepo. Bara nako, kwa majina mengine na kwa hesabu nyingine za siku, mama mkwe na wanawake wa boma walimtenga mzazi na kazi za shamba, wakamsongea uji na kumpokea mtoto usiku ili apumzike. Mabibi hao hawakusoma kitabu cha tiba, lakini walifahamu kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa yuko mahali pa hatari, na kwamba hatari hiyo haiishi siku kitovu kinapokatwa.

Maradhi yenyewe huja ghafula. Aghalabu huanza ndani ya majuma mawili ya kwanza, na mara nyingi baina ya siku ya tatu na ya kumi, kwa mwanamke ambaye jana alikuwa mzima wa akili na mwenye furaha ya mtoto wake. Alama ya kwanza ni usingizi kutoweka: hata mtoto akilala na nyumba ikinyamaza, yeye macho yako wazi wala hasemi kwamba amechoka. Kisha huja maneno mengi yasiyoshikana, au kimya kizito. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Humdhania mama mkwe kwamba amemtilia sumu katika uji. Husema kwamba mtoto amebadilishwa, au kwamba mtoto huyu ni mjumbe wa Mungu, au ni shetani. Saa moja huzungumza kama watu, saa ya pili hamjui mumewe. Yapasa tuyapambanue maradhi haya na mambo mawili yanayofanana nayo kwa mbali: machozi mepesi ya siku ya tatu au ya nne, ambayo huwapata wazazi wengi na kupita yenyewe, na sonona ya uzazi, ambayo huingia polepole, hudumu miezi, nayo ina tiba yake. Kichaa cha uzazi ni adimu kuliko hayo yote, kwa kuwa huwapata mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000. Lakini ndicho kisichoweza kungoja hata siku moja, kwa sababu katika kuchanganyikiwa huko mama aweza kujidhuru, na katika wachache aweza kumdhuru mtoto.

Sasa tutazame ugonjwa huu ulipokelewaje katika nyumba ya Mkurya. Mwanamke aliingia nyumbani kwa mumewe kwa mahari ya ng'ombe wengi, na ng'ombe hao mara nyingi ndio waliomwolea kaka yake mke. Hata ikawa ndoa moja imefungamana na nyingine kama nyuzi za kikapu. Kuzaa kulikuwa ndiko kuimarisha fungamano hilo, na uzito wa jambo hili huonekana katika desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiyejaliwa mtoto, au asiyejaliwa mwana wa kiume, humtolea mahari mwanamke kijana ili amzalie watoto watakaoitwa wa nyumba yake. Penye thamani kubwa namna hii juu ya uzazi, si vigumu kufahamu hofu iliyozuka pale mzazi alipoanza kumkataa mtoto au kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Upande wa mume waliuliza kama walipewa binti mwenye wazimu wa kurithi, na upande wa mke waliuliza binti yao amefanywa nini huko alikoolewa; na baina ya maswali hayo mawili mgonjwa akakaa bila kuulizwa lake.

Wakurya walikuwa na ritongo, baraza la hadhara ambamo wazee walisikiliza mashauri ya watu, na walikuwa na inchama, baraza la siri la wazee waliokabidhiwa salama ya ukoo. Malcolm Ruel, mtaalamu Mwingereza aliyekaa miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kuandika juu ya marika na dini yao, aliwaonyesha wasomaji wa ng'ambo jinsi jamii hii isiyokuwa na mfalme ilivyoweza kujitawala kwa utaratibu. Lakini jambo la mzazi kwa tabia yake ni jambo la ndani, nalo lilihukumiwa ndani, mahali ambapo hapakuwa na shahidi wala mtetezi. Na kama ilivyokuwa kwa watu wengi wa nchi za maziwa, hukumu ilitafutwa katika uchawi, katika mizimu iliyosahauliwa, au katika mwiko uliovunjwa. Swali lililotangulia lilikuwa hili: kosa ni la nani?

Mfano ulio wazi kuliko yote wa swali hilo uliandikwa upande wa pili wa Ziwa, huko Buganda. Waganda walikuwa na jina maalumu la wazimu wa mzazi, nalo ni amakiro. Katika miaka ya 1970 tabibu Mwingereza, John Cox, alifanya utafiti miongoni mwa wajawazito na wazazi wa Kasangati, karibu na Kampala, na mwaka 1979 akachapisha makala juu ya amakiro, akiuliza kama ndiyo yale yale yaliyojulikana Ulaya kuwa kichaa cha uzazi. Waganda walikuwa wameyatambua maradhi, wakayapa jina, wakayatenga na wazimu mwingine, wakayahusisha na uzazi hasa, na hata wakawa na dawa za miti za kuyakinga. Yote hayo ni elimu, na elimu isiyo ndogo. Ila juu ya elimu hiyo palikuwa na itikadi kwamba chanzo chake ni uzinifu uliofanywa wakati wa mimba. Basi mzazi aliyeshikwa na amakiro alikuwa mgonjwa na mshitakiwa kwa wakati mmoja, na ndugu zake walikuwa na sababu ya kumficha badala ya kumtafutia tabibu. Cox aliporudi kwao hakuyasahau aliyoyaona: mwaka 1987, pamoja na wenzake wa Edinburgh, alitunga orodha ya maswali 10 ya kupimia sonona ya wazazi, ambayo leo hutumika katika kliniki za mataifa mengi, na ni haki kusema kwamba sehemu ya njia iliyomfikisha huko ilipita katika vijiji vya Buganda.

Asije mtu akadhani kwamba kumtwika mzazi lawama ni ujinga wa Kiafrika. Vitabu vya kale vya Wayunani vinavyonasibishwa na Hippocrates vina habari ya mwanamke wa mji wa Cyzicus aliyezaa mabinti mapacha kwa taabu, akashikwa na homa, akakosa usingizi, akaweweseka, na siku ya 17 akafariki dunia. Kwa karne nyingi baada ya hapo matabibu wa Ulaya walishikilia kwamba maziwa yaliyokosa njia ya kutokea matitini hupanda kichwani na kuharibu akili. Dhana hiyo haikuwa na ushahidi wowote mwilini, lakini ilidumu kwa sababu ilionekana kuwa ya kitaalamu. Hata mwaka 1858 ndipo Mfaransa Louis-Victor Marcé alipotoa kitabu kizima juu ya wazimu wa wajawazito, wazazi na wanyonyeshao, akayapanga maradhi haya kwa nyakati zake na kuonyesha kwamba mwili na akili ya mwanamke katika siku hizo vimefungamana kwa namna ambayo matabibu walikuwa hawajaieleza. Jina lake limepewa chama cha kimataifa cha matabibu wa afya ya akili ya wazazi, kilichoanzishwa mwaka 1980.

Tena palikuwa na pazia lililofunika maradhi haya kwa muda mrefu, nalo ni homa ya uzazi. Maadamu wazazi walikuwa wakifa kwa maelfu kwa uchafu ulioingia tumboni kwa mikono ya waliowazalisha, hapakuwa na awezaye kusema kwa yakini ni yupi aliyeweweseka kwa homa na ni yupi aliyepotewa na akili kwa sababu nyingine. Mwaka 1847 huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaamuru matabibu waoshe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vikapungua sana. Na katika miaka ya 1930 na 1940 zikaja dawa za kuua vijidudu. Homa ilipopungua, pazia likafunuka, na ikadhihirika kwamba wako wazazi wasio na homa kabisa ambao hata hivyo hupatwa na wazimu. Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa kwetu pazia halijafunuka lote. Matabibu Ndosi na Mtawali, katika uchunguzi wao wa wagonjwa wa kichaa cha uzazi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2002, walikuta maradhi ya mwili, hasa maambukizi na upungufu wa damu, yameambatana na wazimu huo kwa wengi. Katika nchi ya Nyamwaga, ambako malaria iko, ambako wako wazazi wanaojifungulia nyumbani, na ambako makovu ya ukeketaji, uliokatazwa kwa wasichana kwa sheria ya mwaka 1998, huongeza mipasuko na kutokwa damu wakati wa kuzaa, hatua ya kwanza ya tabibu mwenye hadhari ni kupima joto, damu, shinikizo na mkojo, asije akampa dawa ya wazimu mtu ambaye malaria imempanda kichwani au ambaye ana kifafa cha mimba.

Turudi katika taarikhi ya nchi yetu. Serikali ya Wajerumani haikujenga nyumba ya wagonjwa wa akili kwa ajili ya mikoa ya Ziwa. Nyumba ya kwanza katika koloni lote ilikuwa Lutindi, juu ya milima ya Usambara, ambako Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamefungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea humo wagonjwa wa akili. Waingereza walipotawala wakafungua mwaka 1927, huko Dodoma, hospitali ambayo leo yaitwa Mirembe. Kwa mtu wa Tarime, Dodoma ilikuwa kama ng'ambo. Sheria za wakati huo ziliufanya wazimu kuwa shauri la hakimu kabla haujawa shauri la tabibu: mgonjwa aliyesumbua watu alikamatwa, akawekwa mahabusu, akaandikiwa cheti, kisha akasafirishwa, na wengi walilala gerezani majuma mengi wakingoja karatasi. Njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mwanamume anayevunja vitu sokoni. Mzazi aliyechanganyikiwa, mwenye mtoto kifuani na asiyejua lugha ila Kikurya, haikumfaa hata kidogo. Kwa hiyo alibaki nyumbani, pengine amefungwa kamba asikimbilie mtoni, pengine amepelekwa kwa mganga. Na aliyebahatika alifikishwa kwa Wamisionari, kama wale Wamenonaiti wa Marekani waliofika Shirati, kando ya Ziwa, mwaka 1934, na ambao kazi yao ya uuguzi ilikua ikawa hospitali.

Lakini iko njia moja ambayo kwayo serikali ya kikoloni iliingia katika chumba cha mzazi, nayo ni sheria ya jinai. Huko Uingereza bunge lilikuwa limechoka kuona majaji wakiwahukumu kunyongwa wanawake waliowaua watoto wao wachanga, kisha serikali ikiwasamehe kila mara. Ndipo likatunga sheria mwaka 1922, na kuipanua mwaka 1938, kwamba mama akimwua mtoto wake wa chini ya miezi 12 hali mizani ya akili yake imeharibika kwa sababu hajapona taathira ya kujifungua, au kwa sababu ya taathira ya kunyonyesha, kosa lake lisiitwe kuua kwa kukusudia. Maneno hayo yaliletwa kwetu, nayo yamo mpaka leo katika kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambacho humwadhibu mama huyo kama aliyeua bila kukusudia. Msomaji atazame vizuri neno lile la kunyonyesha. Ni mabaki ya ile dhana ya kale ya maziwa yanayopanda kichwani, iliyokwisha kuachwa na matabibu, ikasafiri ndani ya kitabu cha sheria kutoka London mpaka mahakama za Musoma na Tarime. Hata hivyo katika kifungu hicho mna rehema, kwa maana hiyo ndiyo mara ya kwanza dola ilipotamka kwa maandishi kwamba mzazi aweza kutenda jambo la kutisha bila ya kuwa mtu mwovu. Taksiri yake ni kwamba rehema hiyo huja mtoto akiwa kaburini na mama akiwa kizimbani. Humpunguzia adhabu aliyekwisha kupotea, wala haimwamuru mtu yeyote kumtibu kabla ya hapo.

Tiba yenyewe ilichelewa. Katika karne ya 19 wazazi wenye wazimu walitulizwa kwa afyuni, kwa bafu za maji na kwa kutengwa, nao wengi wakapona kwa kupita wakati, wengine wakafa kwa kutokula. Mwaka 1938 huko Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walianzisha tiba ya mshtuko wa umeme, ambayo watu huiogopa kwa jina lake, lakini ambayo, ikitolewa leo mgonjwa amelazwa usingizi wa dawa, ni miongoni mwa tiba za haraka kwa mzazi ambaye hali yake imekuwa mbaya kabisa. Mwaka 1949 John Cade wa Australia aligundua kwamba lithiamu, chumvi ya madini, huwatuliza wenye wazimu wa kupanda na kushuka, na mwaka 1952 Wafaransa Jean Delay na Pierre Deniker wakaonyesha nguvu ya klopromazini. Miaka michache baadaye ikaja haloperidoli kutoka Ubelgiji. Dawa hizi mbili za mwisho si ghali, nazo ndizo zilizozoeleka katika hospitali za wilaya za nchi yetu. Na mwaka 2015 Veerle Bergink na wenzake wa Rotterdam walitangaza habari ya wazazi 64 waliotibiwa kwa utaratibu wa hatua kwa hatua: kwanza dawa ya kurudisha usingizi, kisha dawa ya kuondoa wazimu, kisha lithiamu kwa wale ambao hatua mbili za kwanza hazikuwatosha, na karibu wote wakapona. Sharti la lithiamu ni kupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa ikizidi ni sumu, na anayeitumia kwa kawaida hushauriwa asinyonyeshe. Kwa hiyo pasipo na maabara ni busara tabibu kutegemea zile nyingine.

Dawa peke yake haikuwa tiba yote. Ulaya kwa muda mrefu ilimtenganisha mama mgonjwa na mtoto wake, yeye akapelekwa hospitali ya wazimu na mtoto kwa walezi, mpaka mwaka 1948, katika Hospitali ya Cassel huko Uingereza, Tom Main alipomruhusu mama kulazwa pamoja na mwanawe. Na kutokana na mwanzo huo zikatokea wodi za mama na mtoto, ambazo sasa huhesabiwa kuwa bora kuliko zote kwa maradhi haya. Katika Afrika, Thomas Adeoye Lambo alifungua mwaka 1954 huko Aro, Nigeria, mpango wa wagonjwa kuishi vijijini pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa. Na Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaanzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, ambamo walilima na kuishi kama watu. Mama wa Kikurya anayelazwa wodini huku dada au mama mkwe amelala chini kando ya kitanda chake, na mtoto yu mikononi mwa mmojawapo, anapata kwa desturi kile ambacho mataifa tajiri yalikipata baada ya kukikosa. Tuipatie desturi hiyo heshima yake, tukiiongezea jambo moja tu, kwamba mama asiachwe peke yake na mtoto maadamu akili haijarudi.

Baada ya Uhuru njia ya kwenda kwa tabibu ilifupishwa. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971 na ikawa kimbilio la mikoa ya Ziwa kwa wagonjwa wa akili pia. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa ulijaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ili huduma hiyo itolewe katika zahanati na vituo vya afya badala ya kungojwa Dodoma. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ikaweka utaratibu mpya wa kupokea na kuhifadhi wagonjwa. Kwa watu wa Nyamwaga, ambao babu zao hawakuwa na mahali pa karibu pa kumpeleka mgonjwa wa namna hii, hospitali iliyo mlangoni mwao ni mabadiliko makubwa. Lakini barabara na majengo humfikisha mgonjwa pale tu nyumba inapokubali kumtoa, na nyumba haikubali kumtoa maadamu bado inauliza kosa ni la nani.

Ndiyo maana nasema, na nasema kwa moyo wote, kwamba urithi tulio nao tuushike tuutengeneze. Arubaini ya mzazi ni hekima iliyoangukia mahali pake hasa, kwa kuwa ndani ya siku hizo ndimo maradhi haya hujitokeza kwa walio wengi. Upungufu wake ni kwamba wazee waliyatazama tumbo, maziwa na kitovu, wala hawakuuhesabu usingizi. Mama mkwe wa leo anayeamka usiku wa pili mfululizo akamkuta mkwewe yu macho, anatembeatembea na kunong'ona hali mtoto amelala fofofo, asingoje usiku wa tatu. Amshike mtoto, amwite mwanawe, na asubuhi wampeleke mgonjwa hospitali. Asimwulize mimba ilikuwaje wala alitembea na nani. Kama nyumba inataka pia kuomba dua au kumwita mchungaji au shehe, iombe, maana dua haigombani na dawa, ila dawa isicheleweshwe kwa sababu yake.

Na akipona, kwa maana akitibiwa mapema wengi hupona kabisa, yasiishie hapo. Mzazi aliyepata maradhi haya mara moja yumo katika hatari kubwa ya kuyapata tena katika mimba ijayo, pengine kwa kadiri ya mmoja katika kila wawili au watatu. Na hatari iko vilevile kwa mwenye wazimu wa kupanda na kushuka, au mwenye mama au dada aliyewahi kuugua hivyo. Hadhari kwa watu hao yaweza kuandaliwa kabla ya siku ya kujifungua: nani atakesha na mtoto ili mama alale, dawa gani ianzishwe na lini, na gari litapatikana wapi. Haya yote yategemea jambo moja dogo, kwamba mkunga wa mimba ijayo ajue yaliyotokea katika mimba iliyopita, na hawezi kujua kama nyumba imeyaficha kwa aibu.

Nilisema mwanzoni kwamba habari za chumba cha mzazi hazikupata mwandishi. Mwandishi wake amekwisha kupatikana, naye ni yule muuguzi aketiye kliniki ya Nyamwaga, mwenye kalamu mkononi na kadi ya mama mjamzito mezani, anayeuliza kwa upole kama baada ya uzazi uliotangulia mama aliwahi kukosa usingizi au kuchanganyikiwa. Mwanamke anayethubutu kujibu ndiyo, mumewe akiwa kando yake wala asiinamishe uso, huwa ameandikisha mstari wa kwanza wa taarikhi ambayo bibi zake walizikwa nayo.